Uzi: Kufanya utafiti wa kianthropolojia katika kijiji kilichokwisha kuwazoea watalii

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Wanafunzi kadhaa wa shahada ya uzamili wameniandikia wakitaka kujua namna ya kufanya utafiti wa uwandani katika vijiji vyenye utalii wa jamii, yaani ule ambao wenyeji wenyewe huwapokea watalii na kuwaonyesha maisha yao, na kwa kuwa maswali yao yanafanana nimeona niyajibu hapa, mbele ya watu wanaoweza kunisahihisha. Nilikaa miezi 14 katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Arusha ambacho hupokea watalii wanaopita kwenda na kutoka hifadhini. Jina lake nitalihifadhi, na sababu itaonekana nitakapofika kwenye kosa nililolifanya.

Vitabu vya mbinu za utafiti vimeandikwa kana kwamba mtafiti ndiye mgeni wa kwanza kupiga hodi. Picha hiyo tuliirithi kwa wanaanthropolojia wa mwanzo kama Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajifunza lugha ya wenyeji na kuishi kati yao. Katika kijiji cha utalii wa jamii hali ni nyingine. Wageni wamekuja kabla yako kwa miaka mingi, wameuliza mengi ya maswali uliyoyaandika kwenye daftari lako, nao wamejibiwa. Kijiji kinachopata riziki kwa kusimulia habari zake kina simulizi iliyokwisha kupangwa, nzuri, na ya kweli kwa kiasi chake, na mtafiti atapewa hiyo hiyo kwa ukarimu wote. Kazi yake inaanza pale simulizi hiyo inapokwisha. Kwangu mimi ilichukua karibu miezi mitatu kufika hapo.

Historia nitaipitia kwa ufupi. Mipango ya utalii wa kitamaduni nchini Tanzania ilianza katikati ya miaka ya 1990, pale shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilipovisaidia vijiji vya kaskazini kuandaa ziara za kutembelea wenyeji, na baadaye uratibu ukawa chini ya Bodi ya Utalii Tanzania. Longido, Ng'iresi na Mto wa Mbu ni miongoni mwa vilivyotangulia. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: mtalii aliyelipa fedha nyingi kuona tembo aache angalau kiasi kidogo kwa watu wanaoishi jirani na tembo hao. Kabla ya hapo utalii ulikuwa umekwisha kubishaniwa sana nchini. Mwaka 1970 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha mjadala mkali gazetini wakiuliza kama nchi inayojenga ujamaa inaweza kutegemea biashara ya kuwahudumia wageni matajiri. Ninautaja mjadala huo kwa sababu wazee wa kijiji nilichokaa walikuwa na swali lile lile, ingawa hawakuwahi kulisoma popote: tunawakaribisha wageni, au tunawatumikia?

Mto wa Mbu, mji mdogo ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, ni mfano unaofaa kufikiriwa na kila anayejiandaa kwenda uwandani. Mifereji ya umwagiliaji ya miaka ya 1950 ilivuta wakulima kutoka pande nyingi za nchi, na leo mtalii anayepita pale huambiwa kuwa makabila zaidi ya 120 yanaishi pamoja. Huonyeshwa Mchaga anayepika mbege, Mmakonde anayechonga mpingo na Mmasai aliye na mifugo yake, kila mmoja katika kituo chake cha ziara. Archie Mafeje, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyewahi kuongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam, alitufundisha kuwa neno kabila, kama lilivyotumiwa na wataalamu wa enzi za ukoloni, lilificha zaidi ya lilivyofunua. Sasa neno lile lile limegeuka kuwa kivutio ambacho wenyeji wenyewe wanakiuza. Mtafiti hana haraka ya kuikubali wala kuikanusha ile idadi ya 120. Ajiulize kwanza inamfanyia nani kazi gani, na jirani wawili wanaogombania zamu ya maji wanaitana kwa majina gani.

Kuhusu vibali sitakaa sana. Mwanafunzi raia hupata barua kupitia chuo chake, mtafiti kutoka nje huomba COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kisha kibali cha ukaazi, na barua hizo hushuka ngazi kwa ngazi, mkoa, halmashauri, kata, kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wengi huiona safari hii ya mihuri kuwa usumbufu mtupu. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya utafiti, kwa sababu kila ofisi ilinieleza kijiji kile kwa namna yake: mkoani kilikuwa kivutio, katika halmashauri kilikuwa chanzo cha mapato, na kwa mtendaji wa kijiji kilikuwa orodha ya migogoro ya ardhi. Ila fahamu kuwa ukishapokelewa na mtendaji na kutambulishwa naye, kwa wiki nyingi watu watakuona kuwa mtu wa serikali, na mwenye ng'ombe 40 atakuambia ana 12.

Wiki zangu za kwanza nilifuatana na waongoza watalii. Njia ilikuwa moja: shamba la migomba, karakana ya vinyago, nyumba ya bibi anayepika pombe ya ndizi, shule, kisha chakula cha mchana chini ya mwembe. Kufikia mzunguko wa nne nilikuwa nimehifadhi maneno yote, pamoja na mahali pa kucheka. Kisha nikaanza usaili wangu rasmi, na nikasikia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, hata kwa watu ambao hawakuwa waongozaji. Mzee mmoja nilipomuuliza jinsi babu yake alivyofika kijijini alianza kunijibu kwa Kiingereza kidogo, akasita, akacheka, akaniambia, "Samahani, nilidhani ndiyo ile." Neno hilo, *ile*, niliendelea kulifikiria kwa wiki nzima.

Mambo mawili ndiyo yaliyonitoa kwenye *ile*. La kwanza ni masika. Watalii walipungua, barabara za ndani zikawa tope, na kijiji kikarudi kuwa kijiji cha wakulima wa mpunga. Nilikuwa nimehama nyumba ya wageni na kupanga chumba katika familia moja, na baba mwenye nyumba alikuwa na majaruba mawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza ujamaa kuwa kila mtu ni mfanyakazi. Nilipewa jembe kweli. Usiku wa zamu ya maji tulikaa kwenye mfereji hadi alfajiri, kwa sababu maji yasiyolindwa hugeuzwa na wa juu, na katika saa zile ndefu watu huzungumza. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza nani alipewa kiwanja cha kambi ya watalii, kikao kilikuwaje, na kwa nini koo mbili hazizikani.

La pili ni jikoni. Chakula cha mchana cha wageni kilipikwa na kikundi cha akina mama, na mimi, mwanamume, sikuruhusiwa kukaa pale mpaka mama mwenye nyumba wangu aliponipeleka na kusema kuwa nimekuja kumenya ndizi. Nilimenya ndizi kwa miezi. Jikoni walihesabu sahani, walihesabu nani ameitwa wiki hii na nani amerukwa, walijua mgeni analipa kiasi gani mezani na kiasi gani kinafika kwenye sufuria. Katika stakabadhi kulikuwa na safu yenye maneno "mchango wa kijiji", na swali lililorudi kila siku kwenye mafiga yale lilikuwa: kijiji ni nani? Vitongoji vitatu vilikuwa kwenye njia ya ziara. Vingine viwili, vya wafugaji na vya waliohamia karibuni, havikuwahi kuona mtalii akishuka kwenye gari. Nimesoma ripoti nyingi zinazosema "jamii imenufaika", na sasa kila nikiona sentensi hiyo huuliza kitongoji kipi.

Nakaribisha maoni, hasa kutoka kwa waliofanya kazi hii upande wa pili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimeongoza watalii kwa miaka 9 na nimesoma maandishi yako kwa makini. Kuna jambo linaloniumiza katika tafiti zenu. Mnatuandika kama watu wanaoigiza, na kama kwamba ukweli umefichwa mahali tusipotaka mfike. Simulizi tunayomweleza mgeni tuliifanyia kazi. Tulikwenda kwa wazee, tukauliza, tukakubaliana lipi lisemwe na lipi lisisemwe, kwa kuwa si kila jambo la nyumbani ni la kumwambia mtu anayekaa saa tatu. Wewe mwenyewe, wageni wakija sebuleni kwako, huwaonyeshi chumba cha kulala. Kwa nini sisi tukifanya hivyo inaitwa maonyesho? Na swali jingine: hao waliokupa habari za kwenye mfereji, walijua kuwa unaandika?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nakushukuru, na maswali yako yote mawili ni ya haki.

Kuhusu la kwanza, nakubaliana nawe, na ninasahihisha namna nilivyoandika. Kikao cha kuamua lipi lisemwe ni sehemu muhimu sana ya maisha ya kijiji, na mtafiti anayekimbilia jikoni bila kukichunguza kikao hicho anapoteza nusu ya utafiti wake. Baadaye nilitafuta habari zake. Niliambiwa kuwa wazee walikataa kabisa mahali pa matambiko pawekwe kwenye njia ya ziara, na kwamba vijana walitaka ngoma ya harusi ionyeshwe ilhali akina mama walikataa mpaka ilipopunguzwa. Ngoma anayoiona mtalii kwa dakika 20 imepita katika mabishano ya miezi mingi, na mabishano hayo yanaeleza mamlaka ya kijiji kuliko ngoma yenyewe.

Kuhusu la pili, hapa ndipo lilipo kosa langu.

Nilikuwa na fomu za ridhaa zilizoidhinishwa chuoni, kurasa mbili, zenye mahali pa sahihi. Mtu wa tatu niliyempa aliniuliza kama ni ya shamba. Katika vijiji vyetu watu wamewahi kutia dole gumba kwenye karatasi na baadaye kuona mipaka imehama, na kumtaka mzee asiyekufahamu asaini ni kumtia hofu. Niliomba chuoni niruhusiwe kupata ridhaa ya mdomo, nikakubaliwa, na tangu hapo nilieleza kazi yangu kwa maneno kila nilipoanza mazungumzo mapya. Lakini ridhaa ya siku ya kwanza husahaulika. Ukishakuwa mtu wa kumenya ndizi, watu hawakuoni tena kuwa mtu wa daftari, na huo ukaribu tunaoutafuta kwa bidii ndio unaowaweka hatarini.

Mwezi wa saba kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji ambapo taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa. Niliinua mkono nikauliza kuhusu tofauti kati ya bei ya sahani anayolipa mgeni na fedha wanazopokea wapishi. Sikutaja jina la mtu. Lakini kila aliyekuwa pale alimjua mama ambaye nilikuwa nikikaa naye jikoni, na swali langu lilikuwa na takwimu ambayo ingeweza kutoka kwake tu. Kwa wiki 7 hakuitwa kupika. Nilipokwenda kwake hakunikaripia. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza." Nilikwenda na mzee wa ukoo wake kwa mratibu wa utalii wa kijiji na kwa mwenyekiti, nikakiri kuwa nimevunja adabu ya ugeni, nikaomba radhi mbele yao. Alirudishwa. Takwimu ile niliiondoa kwenye tasnifu, ingawa ilikuwa sahihi na ingeipa sura ya tano nguvu. Ndiyo maana jina la kijiji halimo hapa, na hata baadhi ya maelezo niliyoyatoa juu nimeyabadilisha kidogo ili asitambulikane mtu.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, natarajia kwenda uwandani Juni. Nina maswali mawili. Je, inafaa kuwalipa watu ninaowasaili, ikiwa wamezoea kulipwa na watalii kwa saa? Na je, nirekodi sauti?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu.

Kwanza, nakushauri uangalie tena huo mwezi. Juni hadi Oktoba ni msimu mkubwa wa watalii kaskazini, kwa hiyo utafika wakati kila mtu ana kazi na simulizi iko kwenye ubora wake. Ukiweza, anza Machi au Aprili ili uone kijiji kikiwa kimetulia, kisha uone msimu unavyokigeuza. Waliokuwa uwandani mwaka 2020 walijifunza jambo kubwa bila kulitarajia: wageni wa kimataifa waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000, na katika vijiji vya aina hii ikaonekana wazi nani alikuwa na shamba la kurudia na nani alikuwa ameliuza ili anunue baiskeli za kukodisha.

Malipo ni suala gumu, na sitakudanganya kuwa nina jibu moja. Mwongoza watalii anayeacha kazi yake kukupeleka siku nzima mlipe kama anavyolipwa na wengine, kwa kuwa muda huo ni riziki yake. Mzee anayekusimulia maisha yake mimi sikumlipa fedha, kwa sababu fedha ingemrudisha kwenye *ile*. Nilikwenda na sukari, majani ya chai, au nilimpeleka zahanati mkewe alipougua. Michango ya misiba na harusi nilitoa kama jirani yeyote, na jina langu liliandikwa kwenye daftari la msiba kwa kiasi kilichokaribiana na cha wenzangu. Usitoe kikubwa mno. Ukitoa kikubwa unakuwa mfadhili, na mfadhili haambiwi habari za mfereji.

Kinasa sauti nilikitumia kwa historia za maisha peke yake, baada ya kuomba na kukubaliwa, na kila mara nilimsikilizisha mwenyewe sauti yake kabla ya kuondoka. Mengine niliyaandika usiku, siku hiyo hiyo, kwa sababu maneno ya mtu yakilala hubadilika na kuwa yako. Zingatia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sauti, picha na majina ya watu vina sheria sasa, na simu yenye usaili 60 isiyo na nywila ni hatari kwa kijiji kizima.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze jambo kama mwanamke niliyefanya utafiti wa aina hii upande wa milima ya Usambara. Ndugu mwanzisha uzi aliruhusiwa jikoni kama mgeni wa heshima. Mimi nilitarajiwa kuwa huko tangu siku ya kwanza, na kilichonisumbua ni kukubaliwa kwenye vikao vya wazee. Zaidi ya hapo kuna lugha. Kiswahili kinatosha kabisa katika kijiji cha mchanganyiko, lakini kule wazee wakifika kwenye jambo zito walihamia Kisambaa, na nililazimika kujifunza upya. Watafiti wazawa tunajidanganya kuwa Kiswahili kinatufanya wenyeji kila mahali. Bibi mmoja aliniita "mtalii wetu mweusi" kwa upendo kabisa, na nilimwelewa: nimekuja kwa gari, nina kamera, nauliza, nitaondoka.

Mwanzisha uzi

Dada, nakushukuru sana, na ninaomba kila anayejiandaa asome maneno yako kabla ya yangu. Kwangu waliniita "mgeni wa muda mrefu", nami nililifurahia jina hilo kupita kiasi.

Mchangiaji wa kwanza ameniuliza pembeni kama tasnifu ilirudi kijijini. Ilirudi, lakini si kwa namna niliyoipanga. Nakala yenye jalada gumu ilikuwa kwa Kiingereza, na mtendaji aliiweka kabatini. Niliandika muhtasari wa kurasa 12 kwa Kiswahili, nikampelekea kwanza yule mama wa jikoni, ambaye alisomewa na binti yake na kunitaka niondoe aya mbili, nami nikaziondoa. Kisha muhtasari ulisomwa kwenye mkutano mkuu. Waongoza watalii walipinga sehemu ya makabila, na mjadala huo uliendelea hadi jua lilipokaribia kuzama. Mwishoni alisimama mzee kutoka kitongoji kimojawapo cha wafugaji, akauliza kwa nini katika kurasa zote 12 kitongoji chao kimetajwa katika ukurasa mmoja, na hapo penyewe ni kwa kusemwa kuwa hawapati kitu.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefuata njia ya ziara hata nilipodhani nimeiacha. Machi iliyofuata niliomba barua upya, nikapanga chumba katika kitongoji hicho, na daftari la huko bado nalijaza.